Kufufua Neno la Zamani Kuna Adabu Yake

Kila aliyepata kuketi katika mkutano wa tawi, au wa kamati ya wafanyakazi, au hata wa chama cha kuzikana mtaani, anaijua saa tunayotaka kuisimulia. Ajenda zimekwisha. Jua limepinda, watu wameanza kutazama saa zao, na mama mwenye mtoto mchanga amekwisha kufunga mkoba wake. Mwenyekiti anauliza, kwa sauti ya mtu anayetumaini kujibiwa kwamba hapana: "Je, ndugu wajumbe, kuna mengineyo?" Ndipo mtu wa nyuma anaposimama, akakohoa kidogo, akasema: "Ndugu Mwenyekiti, mimi nina neno juu ya lile jambo la mwaka juzi."

Mkutano huguna. Wako wanaocheka, na wako wanaopiga kelele kwamba hilo lilikwisha. Nusu ya waliohudhuria hawalijui jambo lenyewe, maana mwaka juzi hawakuwapo. Na hao wanaolijua, kila mmoja analijua kwa namna yake. Baada ya nusu saa ya mabishano mkutano unafungwa pasipo uamuzi wowote, na jambo la mwaka juzi limekwisha kuwa jambo la mwaka huu pia, tena limeharibika kuliko lilivyokuwa.

Twataka leo kusema juu ya adabu ya kufufua mambo ya zamani. Msomaji asidhani kwamba ni jambo dogo la wapenda vikao. Chama huishi kwa majadiliano, na vivyo hivyo chama cha wafanyakazi, ushirika, na kijiji. Iwapo kila lililoamuliwa Jumamosi hii laweza kupinduliwa Jumamosi ijayo na mwenye sauti kubwa, hapana atakayejisumbua kulitekeleza, maana nani ajenge nyumba ambayo kesho itabomolewa? Lakini iwapo kila lililosemwa mara moja halisemwi tena, hata kama linaumiza watu, basi hao wanaoumia watajifunza kunyamaza, na mkutano utabaki wa kupiga makofi. Wengi wetu huiogopa hatari ya kwanza. Mimi nimepata kumwumiza mtu kwa ile ya pili, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaingia katika kazi ya gazeti, nilikuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja. Nilikuwa kijana niliyetoka shule ya misheni, ambako tulifundishwa kuandika muhtasari wa chama cha midahalo kwa wino mweusi na mwandiko wa kusimama, nami nilijivunia mwandiko wangu kuliko ilivyostahili. Siku moja, katika Mengineyo, mzee mmoja mpakiaji alisimama akauliza habari za usafiri wa zamu ya usiku. Wafanyakazi wa zamu ile walitoka saa sita usiku, wakati daladala zimekwisha kulala, nao walikwenda kwa miguu kupita katika bonde lenye giza hata kufika makwao. Nilisimama kwa haraka ya ujana. Nikasema: "Ndugu Mwenyekiti, jambo hili lilikwisha kuletwa na kuamuliwa kabla yangu. Naomba tusirudi nyuma." Mwenyekiti akakubali, watu wakapiga makofi kwa kuwa walikuwa wamechoka, na mzee akaketi pasipo kusema neno.

Kwa nini niliamini kwamba liliamuliwa? Niliambiwa tu. Katibu aliyenitangulia, siku ya kukabidhiana, aliniambia, "Hilo la usafiri achana nalo, lilikwisha." Daftari la kumbukumbu lilikuwa katika kabati nyuma ya mgongo wangu, wala sikulifungua.

Mwezi wa tatu baada ya kikao kile, kijana mmoja wa zamu ya usiku alivamiwa bondeni. Alipigwa, akavunjwa mkono wa kulia, wala hakurudi tena katika mashine yake. Ndipo nilipofungua daftari. Nililikuta jambo la usafiri katika muhtasari wa kikao cha miaka miwili nyuma, mistari mitatu tu: ya kuwa wajumbe walilizungumza, ya kuwa hawakuweza kuamua kwa sababu gharama yake haikujulikana, na ya kuwa katibu amwone meneja, alete majibu katika kikao kijacho. Kikao kijacho hakikutimiza akidi. Kilichofuata kilijaa habari za mishahara. Tangu hapo hapana aliyeandika neno juu yake. Halikuamuliwa wala halikukataliwa. Lilisahauliwa, na mimi nililizika likiwa hai.

Siwezi kuapa kwamba gari lingepatikana kama mzee yule angesikilizwa. Meneja angeweza kukataa, na kijana yule angeweza kuvamiwa vivyo hivyo. Lakini tangu siku ile sipendi kumsikia mtu akisema "lilikwisha" pasipo kuonyesha ukurasa.

Watu wetu wana usemi wanaoupenda sana katika vikao: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni usemi mzuri kwa mke na mume waliogombana juu ya chumvi. Lakini tuusikilize vizuri. Unasema yaliyopita si ndwele, yaani si ugonjwa. Je, na kama ni ugonjwa? Muuguzi yeyote wa zahanati atakuambia kwamba kidonda kilichofungwa kitambaa kabla ya kusafishwa hakijapita, kinangoja tu. Kadhalika siku hizi imezoeleka kusema kwamba fulani anafukua makaburi. Neno hili linatisha, maana hapana mwungwana apendaye kuitwa mfukua makaburi. Lakini kabla ya kulitumia ni haki tuulize kwanza aliyezikwa ni nani, na kama kweli alikuwa amekufa.

Hapa ndipo vikao vyetu vingi vinapokosea. Twatumia neno moja, "lilikwisha", kwa mambo manne yasiyofanana hata kidogo. Kuna jambo lililoamuliwa na kutekelezwa. Kuna lililoamuliwa lakini likaachwa njiani. Kuna lililokataliwa kwa sababu fulani, na sababu yenyewe huenda imekwisha kuondoka. Tena kuna lile lililoahirishwa, kisha likasahauliwa kwa kuwa aliyepewa kazi ya kulifuatia alihamishwa. Mwenye kufufua la kwanza anapaswa kubeba mzigo mzito wa kueleza kwa nini. Mwenye kufufua la mwisho hana mzigo wowote. Sisi tuliolisahau ndio wenye deni kwake.

Wala jambo hili si geni katika vyombo vyetu vikubwa. Kanuni za Bunge zinamkataza Mbunge kupinga uamuzi uliokwisha kufanywa na Bunge, isipokuwa kwa kuleta hoja mahsusi ya kutaka uamuzi huo uangaliwe upya. Tazama hekima yake: mlango haukufungwa kwa misumari, ila yatakiwa upite mlangoni, usiruke dirishani. Mahakama nazo vivyo hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Madai, katika kifungu cha 9, inaizuia mahakama kusikiliza tena shauri lililokwisha kuamuliwa baina ya watu wale wale juu ya jambo lile lile, maana bila hivyo tajiri angemshtaki maskini kila mwaka mpaka amchoshe. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu maombi ya mapitio, pakitokea ushahidi mpya na mkubwa ambao mwombaji, hata kwa bidii yake yote, hakuweza kuupata wakati ule. Hata hakimu, ambaye kazi yake ni kumaliza maneno, ameachiwa nafasi ya kusikia jipya.

Jipya ndilo neno lenyewe. Anayesimama kufufua jambo la zamani, swali la kwanza analopaswa kulijibu kabla hajaulizwa ni hili: Kumebadilika nini? Kama nauli imepanda, aseme imepanda kiasi gani. Kama wakati ule waliohesabiwa walikuwa wafanyakazi arobaini na leo ni mia moja, aseme hivyo. Kama hana lolote jipya ila hasira ile ile, na anatumaini tu kwamba safari hii wapinzani wake hawakuhudhuria, basi na aketi. Nimewaona watu wa namna hii. Hungoja kikao cha msimu wa mvua, wakati nusu ya wajumbe wako mashambani, ndipo wakaleta kwa ghafla jambo walilolipoteza katika kikao kilichojaa. Huo si ujasiri wa kisiasa. Ni wizi wa mchana, ingawa wafanyao hivyo hujiita wanaharakati.

Basi na apite mlangoni. Mengineyo si mahali pa jambo zito la zamani, kwa kuwa hapana aliyejiandaa. Ikiwa jambo lilikuwa katika kikao kilichopita, mahali pake ni Yatokanayo, ambapo katibu hutakiwa kusoma kila agizo na kueleza limefikia wapi. (Makatibu wengi huipita Yatokanayo mbio mbio kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya mwenye kumdai. Mwenyekiti mwema huwazuia hapo.) Ikiwa ni la zamani zaidi, na aandike barua kwa katibu kabla ajenda haijapangwa, ataje tarehe ya kikao kilicholizungumza, na aeleze kwa mistari michache lilivyoachwa. Kwa njia hiyo mgeni aliyejiunga mwaka huu ataelewa, na mkongwe hatadai kwamba limebuniwa jana.

Katika hili tungeweza kujifunza kwa washairi wetu wa magazetini. Tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa mwaka 1923, watungaji walikuwa wakijibizana kwa beti. Shairi la Tanga likajibiwa na mtu wa bara baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa gazeti lilichelewa njiani, naye aliyejibu alikuwa na shughuli zake. Lakini mjibuji mwenye adabu hakuingia tu katikati ya ukumbi akaanza kutukana. Alimtaja anayemjibu, akamsalimu, akalitaja shairi lake, kisha ndipo akaanza kubisha. Msomaji ambaye hakuliona shairi la kwanza aliweza kufuata. Sisi wa mezani kwa mhariri twapokea leo barua zinazoanza, "Hayo mliyoyaandika ni uongo mtupu," wala mwandishi hasemi ni yapi, wala ya lini. Mara nyingine yatubidi kupekua majalada ya miaka mitatu ili kujua twatukanwa kwa kosa gani.

Mfano mkubwa wa jambo lililofufuliwa zaidi ya mara moja katika nchi yetu ni habari ya makao makuu ya Serikali. Wazo la kuyahamisha kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma lilipelekwa Bungeni mwaka 1966, likakataliwa kwa sababu ya gharama. Laiti tungekuwa watu wa kusema "lilikwisha", lingekuwa limekwisha hapo. Lakini mwaka 1972 lilirudi ndani ya TANU, na namna lilivyorudi ndiyo yenye mafundisho. Halikupenyezwa katika Mengineyo. Matawi yaliulizwa. Matawi 1,859 yalitoa kauli: 1,017 yakakubali, na 842 yakakataa. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba tuhame, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa kuisimamia kazi hiyo. Walioshindwa hawakuwa wachache. Matawi 842 si kundi la wakorofi. Lakini waliulizwa, wakahesabiwa, na hesabu yao ikaandikwa, na kwa hiyo hapana aliyeweza kusema baadaye kwamba alipitiwa usingizini.

Kisha likaja jambo jingine ambalo si la kujivunia. Uamuzi ulikuwapo, lakini miaka ikapita na Wizara zikabaki Pwani. Tulizoea hata kulifanyia mzaha. Mtu aliyeuliza, "Je, Dodoma vipi?" alionekana kama mtu wa kale asiyejua kwamba dunia imegeuka. Mwezi Julai mwaka 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma kabla ya mwisho wa kipindi chake, wako waliotaka mjadala wa mwaka 1966 uanze upya kutoka mwanzo: gharama, maji, umbali. Hawakukosea kuuliza habari za gharama. Walikosea kusahau kwamba jambo lenyewe halikuwa tena hoja; lilikuwa ni agizo lililolala kwa miaka 43. Kufufua hoja na kuamsha agizo si kitu kimoja. Hoja hufufuliwa kwa ushahidi mpya. Agizo huamshwa kwa kuuliza tu: nani alipewa, na amefika wapi? Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa Makao Makuu ya Nchi, na mwaka 2023 Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa. Ndugu zangu wa matawi yale 1,017, wengi wenu mmekwisha kutangulia mbele ya haki. Yatokanayo yenu ilichelewa kusomwa.

Sasa niseme juu ya ufufuaji mbaya, ambao sina subira nao hata kidogo. Huja hasa wakati wa uchaguzi wa viongozi. Mtu amegombea uenyekiti wa tawi au wa ushirika. Ghafla hutolewa maneno ya miaka kumi iliyopita, kwamba alipokuwa mtunza fedha za rambirambi hesabu haikutimia. Yaliyotokea wakati ule huwa hayasemwi: ya kuwa kamati iliundwa, stakabadhi zikahesabiwa, kasoro ikaonekana ni ya aliyeandika, na yule ndugu akasafishwa mbele ya wanachama wote. Nusu ya kumbukumbu ni mbaya kuliko uongo kamili, maana uongo waweza kukanushwa, lakini nusu hiyo ni kweli. Basi yeyote anayetaja tuhuma ya zamani juu ya mtu analazimika, kwa pumzi ile ile, kutaja hukumu yake. Kama hukumu haijui, na asiitaje tuhuma mpaka aijue.

Tena yafaa mtu anayesemwa awepo. Na akiwa amekufa? Hapo wengi husema marehemu hasemwi. Mimi sikubali moja kwa moja. Kama marehemu aliacha ukuta wa shule ukiwa na ufa, ufa utasemwa, maana watoto wanaketi chini yake. Lakini tuuseme ufa, na tumwache marehemu. Mjane wake ameketi pale mstari wa tatu.

Nimewasema sana wafufuaji. Sasa zamu ya walinda mlango, ambao ndio wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Kijana aliyejiunga juzi husimama akauliza jambo ambalo wazee walilizungumza mpaka wakachoka. Wazee hucheka: "Huyu hajui kwamba hayo tuliyamaliza?" Ndiyo, hajui. Atajuaje? Je, alipopewa kadi alipewa na daftari? Kumcheka mtu kwa kutojua kilichofungiwa kabatini ni uchoyo uliovaa joho la uzoefu. Afadhali mzee aseme: "Mwanangu, hilo lilizungumzwa mwaka fulani, sababu zilikuwa hizi, nenda ukasome, kisha kama una jipya ulilete." Kijana atakwenda asome. Wengine hawatarudi, kwa kuwa wameridhika. Mmoja atarudi na jambo ambalo ninyi nyote hamkuliona.

Tazameni mjadala wa lugha ya kufundishia. Mwaka 1967 tuliamua Kiswahili kitumike kufundishia katika shule zote za msingi. Mwaka 1982 Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari na vyuo vikuu. Serikali haikulichukua pendekezo hilo, Kiingereza kikabaki. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikalirudia tena. Sina nia ya kuamua hapa nani ana haki, maana nafasi ya safu hii haitoshi. Neno langu ni kwamba kila jambo hili linaporudi, hurudi likiwa uchi, kana kwamba hapana mtu aliyepata kulifikiri. Wanaotaka Kiswahili hawaisomi taarifa ya Tume, ambayo ingewapa nusu ya hoja zao bure. Wanaotaka Kiingereza hawazisomi sababu za kulikataa pendekezo lile, ambazo zingewapa nusu ya hoja zao. Basi hubishana kwa methali na kwa habari za watoto wa jirani. Miaka arobaini na zaidi, nasi tungali ukurasa wa kwanza.

Na pengine msomaji ataniuliza: Je, hakuna jambo ambalo limefungwa kabisa, lisiloguswa na mtu? Nitamjibu kwa kumbukumbu moja tu. Mwaka 1965 nchi yetu iliweka katika Katiba kwamba chama cha siasa kitakuwa kimoja. Kama kulikuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli, ni huo. Na katika miaka iliyofuata kuutaja tu kungemtia mtu mashakani. Mwezi Februari mwaka 1990 Mwalimu Nyerere, akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, alisema hadharani kwamba kuzungumza habari za vyama vingi si dhambi wala uhaini, akawaelekeza watu watazame mambo yaliyokuwa yakitokea Ulaya Mashariki. Aliyeufunga mlango ndiye aliyeufungua. Hakudai kwamba siku zote ndivyo alivyosema. Alionyesha kilichobadilika, akauacha mjadala uende. Mwaka 1991 ikaundwa Tume ya Jaji Nyalali, wananchi wakaulizwa, na karibu wanane katika kila kumi wakasema chama kimoja kibaki. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Wako wanaCCM ambao mpaka leo hawajaridhika kwamba wachache walisikilizwa kuliko wengi. Wana haki ya kulisema hilo. Lakini hawawezi kusema kwamba waliviziwa, wala kwamba hesabu yao ilifichwa, kwa kuwa imo katika taarifa yenyewe, na yeyote atakaye aweza kuisoma.

Turudi kiwandani, maana naona baadhi ya wasomaji wangali wanamngoja mzee mpakiaji.

Kikao kilichofuata niliomba jambo la usafiri wa usiku liwekwe katika Yatokanayo. Nikaisoma ile mistari mitatu, pamoja na tarehe yake. Nikasema mbele ya wajumbe kwamba niliwaambia liliamuliwa, nami sikuwa nimesoma, na kwamba namwomba radhi mzee. Hapana aliyepiga makofi safari hii. Mzee aliuliza swali moja tu, kama katika muhtasari imeandikwa nani alilileta jambo hilo mara ya kwanza. Nikatazama. Lilikuwa jina lake. Alikwisha kulisema mara mbili kabla ya mimi kumkalisha, na mara zote mbili lilimpotelea katika daftari letu.

Kikao kikaagiza wajumbe watatu wamwone meneja ndani ya siku saba, mzee akiwa mmoja wao. Baada ya mwezi mmoja lori la kiwanda likaanza kuwapeleka watu wa zamu ya usiku hadi barabara kuu, ng'ambo ya bonde. Lilikuwa halina viti, na wakati wa mvua turubai lilivuja, jambo ambalo nalo lililetwa kikaoni, likaandikwa, na kupewa tarehe ya kujibiwa.